Kurusha gemu mubashara kutoka Mbeya na Iringa: Pima mtandao kwanza, kompyuta baadaye

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

VIJANA wengi wanaocheza gemu za kompyuta na PlayStation katika miji ya Mbeya na Iringa hawaridhiki tena kushangiliwa na watu watano waliobanana kwenye benchi la kibanda. Wanataka mchezo wao uonekane mubashara katika YouTube au Twitch, ili aliyeko Kihesa, Iringa, aone bao lililofungwa Mwanjelwa, Mbeya, muda mfupi baada ya kufungwa.

Hata hivyo, matangazo mengi ya namna hiyo huanza vizuri na kuharibika kabla ya kipindi cha kwanza kumalizika. Picha hugeuka vigae, sauti hukatika na watazamaji huondoka mmoja baada ya mwingine. Lawama huelekezwa kwenye kompyuta. Mwenye kompyuta naye hukimbilia kwa fundi, huongezewa kumbukumbu, hulipa fedha yake, na siku ya pili picha hukwama vilevile.

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kupanga programu ya kurushia matangazo ili picha itulie, kwa kuzingatia hali halisi ya mtandao na umeme wa Nyanda za Juu Kusini. Programu tutakayoitumia kama mfano ni OBS Studio, kwa kuwa inapatikana bure na ndiyo inayotumiwa na warushaji wengi duniani.

Mpenzi msomaji, tuanze kwa kufuata safari ya picha yenyewe. Picha yenye upana wa pikseli 1,280 na kimo cha pikseli 720 ina pikseli 921,600. Ikionyeshwa mara 30 kwa sekunde, kompyuta inashughulikia zaidi ya pikseli milioni 27 kila sekunde. Kila pikseli ikibeba biti 24 za rangi, mzigo huo ni kama megabiti 660 kwa sekunde, kiasi ambacho hakuna laini ya simu ya kawaida inayoweza kukibeba. Kwa hiyo programu hulazimika kuubana hadi ufikie megabiti mbili au tatu tu, yaani kuupunguza zaidi ya mara 200. Kubana huko ndiko kunakoamua ubora wa picha, na mipangilio yote tutakayoieleza hapa inahusu jambo hilo moja.

Baada ya kubanwa, picha hutoka nyumbani kwa redio ya mnara wa simu au kwa waya, huingia kwenye nyaya kuu za mawasiliano, hufika Dar es Salaam na kupita chini ya bahari hadi kwenye seva ambayo kwa kawaida ipo nje ya nchi. Kisha hurudi. Mechi ya vijana wa Mwanjelwa na wa Kihesa, ambao kwa barabara wametengana kwa takriban kilomita 330, huzunguka maelfu ya kilomita kabla ya kuonekana upande wa pili.

Wapo wanaoamini kuwa tatizo la Mbeya ni umbali wake kutoka Dar es Salaam. Imani hiyo ilikuwa na mashiko zamani, nchi ilipokuwa ikitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya nje. Lakini mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu mwaka 2009, wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipitishwa Iringa na Mbeya hadi mpakani Tunduma na Kasumulu. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 830 hivi za kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam huuchukua kama milisekunde nne tu. Ni kweli kwamba baharini nako huharibika. Mei 12, 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima, na siku hiyo hakuna mpangilio wa programu ambao ungemsaidia mtu. Lakini katika siku za kawaida penye udhaifu ni pale mwanzoni kabisa, kati ya chumba chako na mnara wa simu unaogawana na mtaa mzima.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Anayenunua huduma ya intaneti hutangaziwa kasi ya kupakua, yaani ya kupokea. Anayerusha matangazo anahitaji kasi ya kupakia, yaani ya kutuma, ambayo kwenye mitandao ya simu huwa ndogo kuliko ile ya kupakua. Mtu anaweza kutazama filamu bila kukwama hata kidogo, lakini akajaribu kurusha gemu na kushindwa kabisa.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza si kufungua OBS bali ni kupima kasi ya kupakia. Pima asubuhi, pima mchana, kisha pima saa 2 usiku, wakati watu wamesharudi nyumbani na kila mmoja ameshika simu yake. Fanya hivyo kwa siku tatu. Usichukue kipimo kikubwa kwa kujifurahisha, wala usichukue wastani. Chukua kile kidogo kuliko vyote, kisha tumia kama asilimia 70 yake tu.

Tuchukue mfano. Kijana wa Uyole anapata megabiti 5.1 asubuhi, 4.4 mchana na 3.0 usiku. Kwa kuwa mechi zake ni za usiku, hesabu yake inaanzia kwenye 3.0, na asilimia 70 yake ni megabiti 2.1. Hiyo ndiyo dari yake, picha na sauti vikijumlishwa. Asilimia 30 inayobaki si hasara. Laini ikijazwa hadi ukingoni, data za gemu lenyewe husubiri foleni nyuma ya data za picha, na mchezaji hujikuta akibonyeza kitufe sasa na mchezaji wake akipiga mpira baadaye. Wapo wanaopoteza mechi kwa sababu ya matangazo yao wenyewe, kisha wakamlaumu mpinzani.

Aidha, kama ruta ipo, unganisha kompyuta kwa waya wa mtandao badala ya Wi-Fi. Kama unatumia simu kama modemu, iweke dirishani na uiunganishe kwa waya wa USB, maana chumba chenye kuta nene huweza kupunguza nguvu ya mnara kiasi cha kukushangaza.

Sasa tuingie ndani ya programu. Katika mipangilio ya OBS, sehemu iliyoandikwa “Video” ina saizi mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Ya kwanza ni saizi ya turubai, ambayo iachwe sawa na kioo cha kompyuta yako. Ya pili ni saizi ya kutolea, na hiyo ndiyo inayosafiri. Kijana akiambiwa kuna 1,920 kwa 1,080, huichagua mara moja kwa kuwa ni kubwa. Hebu tuone gharama yake.

Picha hiyo ikirushwa kwa fremu 60 kwa sekunde ina pikseli zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Ukiigawia kilobiti 2,000, kila pikseli inapata takriban sehemu mbili ya mia moja ya biti. Hiyo ni njaa. Programu itafanya inavyoweza, na matokeo yake ni ukungu kila mpira unapopigwa mbele. Ukirusha kilobiti hizohizo 2,000 kwa saizi ya 960 kwa 540 na fremu 30, kuna pikseli milioni 15.5 kwa sekunde, na kila moja inapata mara nane ya kile ilichokuwa ikipata. Picha ni ndogo, lakini ni safi. Na ikumbukwe kwamba watazamaji wengi wa kwetu hutazama kwa simu ya kiganjani, ambapo saizi hiyo inatosha kabisa kusoma jina la mchezaji mgongoni.

Kipimo ninachokipendekeza kwa gemu zenye mwendo mkali ni karibu sehemu tisa hadi kumi ya mia ya biti kwa kila pikseli. Kwa fremu 30, hesabu hiyo inatupa kilobiti 2,500 hadi 2,800 kwa saizi ya 1,280 kwa 720, kilobiti 1,400 hadi 1,600 kwa 960 kwa 540, na kama kilobiti 1,100 kwa 854 kwa 480. Kijana wetu wa Uyole achague 540 kwa kilobiti 1,500 na alale usingizi. Asiye na uwezo wa kufikisha kilobiti 800 ni heri arekodi tu, kisha apandishe video usiku wa manane mtandao ukiwa mtupu.

Gemu nazo hazilingani. Gemu za mpira kama EA Sports FC na eFootball ni miongoni mwa zile ngumu kubana, jambo ambalo huwashangaza wengi. Sababu ni nyasi. Kamera inapoufuata mpira, uwanja mzima husogea, na kila unyasi ni jambo jipya ambalo programu inapaswa kulieleza upya. Ongeza mashabiki wanaopunga bendera majukwaani. Kwa upande mwingine, gemu la karata, drafti au bao lina ubao uliotulia, na humo unaweza kurusha 720 kwa kilobiti 1,500 bila mtazamaji kulalamika. Kuhusu fremu 60, ziache hadi utakapokuwa na laini ya waya inayotuma megabiti sita bila kutetereka. Wala usichague namba za katikati kama 25 au 45, kwa kuwa gemu nyingi huenda kwa fremu 60 na mgawanyo usio sawa huifanya picha iende kwa kurukaruka.

Sehemu ya “Output” ndipo inapochaguliwa enkoda, yaani chombo cha kubana picha. Enkoda iitwayo x264 hutumia prosesa ileile inayoendesha gemu, na kwenye kompyuta mpakato za mtumba zinazouzwa kwa wingi katika miji yetu mambo hayo mawili hugombana. Kama kompyuta ina kadi ya picha ya NVIDIA, chagua NVENC. Kama ina prosesa ya Intel, tazama kama kuna Quick Sync, ambayo Intel ilianza kuiweka ndani ya prosesa zake mwaka 2011. Zote mbili hubana picha kwa sehemu maalumu ya chombo, na gemu haliguswi sana. Ukilazimika kubaki na x264, weka kiwango cha “veryfast”, na ikishindikana shuka hadi “superfast”. Picha itapungua ubora kidogo, lakini itatembea.

Mwenye kompyuta ya zamani ajue pia kwamba OBS kuanzia toleo la 28, lililotoka mwaka 2022, haifanyi kazi kwenye Windows 7 wala Windows 8. Anayenunua mashine ya mtumba aulize jambo hilo kabla ya kutoa fedha.

Katika ukurasa huohuo chagua CBR, maana yake kasi ya biti isiyobadilika. Kasi inayopanda na kushuka ni nzuri kwa kurekodi, lakini kwenye laini dhaifu ule mpando mmoja wakati wa bao ndio unaokata matangazo. Fremu kuu iwekwe kila baada ya sekunde mbili, kama majukwaa yenyewe yanavyotaka. Kisha nenda kwenye mipangilio ya ziada, upande wa mtandao, ukaruhusu programu ipunguze kasi ya biti yenyewe pale laini inapozidiwa. Kwa mtumiaji wa mtandao wa simu, kisanduku hicho kimoja kina thamani kuliko kumbukumbu aliyouziwa na fundi.

Tukirudi kwa fundi huyo, OBS ina dirisha liitwalo “Stats” ambalo wengi hawajawahi kulifungua. Lingeokoa fedha za watu. Linaonyesha aina tatu za fremu zinazopotea, na kila aina ina ugonjwa wake. Zikipotea kwenye uchoraji, kadi ya picha imezidiwa: punguza mapambo ya gemu, au lizuie lisizidi fremu 60. Zikipotea kwenye kubana, enkoda imezidiwa, na dawa yake ni ile tuliyoitaja hapo juu. Zikiangushwa kwenye mtandao, kompyuta yako haina kosa lolote. Punguza kasi ya biti au tafuta laini nyingine. Kabla ya kumlipa mtu yeyote, rusha majaribio kwa dakika 20, tazama ni safu ipi kati ya hizo tatu inayopanda, na uiandike.

Kwa wanaotumia PlayStation, PS4 na PS5 zinaweza kurusha zenyewe bila kompyuta, ingawa uhuru wa kupanga unakuwa mdogo. Anayetaka kupitisha picha kwenye OBS atahitaji kadi ya kunasa picha kwa waya wa HDMI, na azime ulinzi wa HDCP katika mipangilio ya mashine, la sivyo atapata kioo cheusi na kudhani ameuziwa kadi mbovu.

Swali la YouTube au Twitch si la ushabiki tu, bali linagusa mfuko wa mtazamaji. YouTube hupokea picha yako na kuitengenezea matoleo madogo, hivyo mwenye kifurushi kidogo anaweza kushuka hadi 240 au 360. Twitch haimhakikishii kila mrushaji huduma hiyo, na mrushaji mpya anaweza kujikuta kila mtazamaji analazimika kupokea kilobiti zilezile anazotuma yeye. Kwa watazamaji wa Iringa wanaonunua data kwa siku, hilo ni jambo zito. Megabiti moja kwa sekunde ni sawa na megabaiti 450 kwa saa. Matangazo ya kilobiti 1,628, yaani picha 1,500 na sauti 128, hutumia karibu megabaiti 730 kwa saa, wakati yale ya kilobiti 6,000 hutumia gigabaiti 2.7. Kwa saa tatu za mashindano, wa kwanza ametumia gigabaiti 2.2 na wa pili zaidi ya nane, na gharama hiyo inambana mrushaji pia. Kwa mazingira yetu naona YouTube inafaa zaidi kwa anayeanza. Achague ucheleweshaji wa kawaida badala ya ule mdogo kabisa, ili simu ya mtazamaji ipate akiba ya kutosha mtandao unapoyumba.

Ajiandae mapema, kwa kuwa akaunti inayowashwa kwa matangazo ya moja kwa moja kwa mara ya kwanza inaweza kusubiri hadi saa 24. Tangu Julai 22, 2025, YouTube hairuhusu pia aliye chini ya miaka 16 kurusha akiwa peke yake. Na anayekusudia kulifanya jambo hili kuwa biashara aulize kwanza ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iliyopo Mbeya, kwani kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2020 zimefanyiwa marekebisho baada ya hapo.

Sauti haihitaji maneno mengi: kilobiti 128 zinatosha. Mtazamaji husamehe picha yenye ukungu, lakini sauti inayokatika humfukuza. Adui wa hapa kwetu ni mvua juu ya bati. Kuanzia Novemba hadi Aprili maikrofoni husikia mvua kuliko inavyomsikia msemaji, na OBS ina kichujio cha kupunguza kelele ambacho huondoa sehemu kubwa ya ngurumo hiyo. Maikrofoni isogezwe karibu na mdomo, na kipimo kisivuke desibeli 6 chini ya sifuri hata wakati wa kushangilia bao. Muziki wa Bongo Fleva wa nyuma ya mchezo uachwe, maana mfumo wa YouTube huutambua na kudai haki ya mwenye wimbo.

Lipo suala la umeme. Unapokatika, kompyuta mpakato hubaki hai kwa betri yake, ila ruta huzima na matangazo yanaishia hapo. Betri ndogo ya akiba kwa ajili ya ruta peke yake hudumu muda mrefu, kwa sababu ruta hutumia umeme kidogo sana. Kompyuta nayo ikiwa kwenye betri hupunguza nguvu yake, hivyo usishangae fremu za kubana zikianza kupotea dakika hiyohiyo. Radi zikianza, chomoa kila kitu; hakuna mechi yenye thamani ya ruta na kadi ya picha.

Wakati wa kurusha, rekodi pia nakala kwenye diski, na faili liwe la aina ya MKV. Faili la kawaida la MP4 likikatizwa ghafla na umeme linaweza lisifunguke tena, wakati la MKV hubaki na kila kilichorekodiwa hadi sekunde ile. Baadaye OBS yenyewe hulibadilisha kuwa MP4 kwa dakika chache, na kama matangazo yalikatika katikati ya fainali, watu wa Kihesa wataiona mechi nzima asubuhi.

Siku ya mechi, fungua matangazo ya faragha saa moja kabla, mpe kiungo rafiki mmoja aliyeko upande wa pili, naye atazame kwa simu na kifurushi chake mwenyewe kwa dakika kumi. Akikuambia anaiona saa ya mchezo bila kukodoa macho na anasikia jina la mfungaji, usiguse tena mpangilio wowote hadi kipenga cha mwisho.